Namna ya Kuupima Mpango wa Kazi za Ng'ambo: Deni na Kibali Kwanza, Mshahara Baadaye

Mipango ya kupeleka wafanyakazi ng'ambo hutangazwa kwa idadi ya nafasi na kiwango cha mshahara, na mara nyingi mjadala wote huishia hapo hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepewa jukumu la kuuchunguza mpango wa namna hiyo, awe ofisa wa chama cha wafanyakazi, mwandishi wa habari, mwanafunzi wa uchumi, au mzazi ambaye mwanawe ameletewa mkataba autie saini. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mshahara ni swali la tatu. La kwanza ni nani anayebeba gharama za kumfikisha mfanyakazi kazini, na la pili ni iwapo mfanyakazi huyo anaweza kumwacha mwajiri wake bila kupoteza haki ya kukaa nchini. Maswali hayo mawili yakishajibiwa, kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi huwa kinasomeka tofauti kabisa.

Ni vyema kuuona uwanja mzima kabla ya kuingia kwenye mpango mmoja. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kwamba mwaka 2019 wafanyakazi wahamiaji wa kimataifa walikuwa milioni 169, na kwamba takriban theluthi mbili yao walikuwa katika nchi za kipato cha juu. Kiasi cha asilimia 66 walifanya kazi katika sekta ya huduma, ilhali kilimo, ambacho ndicho hupigwa picha zaidi, kilikuwa na asilimia 7 tu. Takwimu hizi zinamsaidia mchunguzi kutambua kwamba uhamaji wa kazi ni sehemu ya kudumu ya namna nchi tajiri zinavyoendesha hospitali, hoteli, maghala na nyumba zao, wala si tukio la dharura linaloletwa na shida za watu wachache. Hazisemi lolote, hata hivyo, kuhusu masharti ya kazi hizo, na hayo hayapatikani ila kwa kuufungua mpango mmoja mmoja.

Uliza kwanza kwa nini kazi yenyewe haikuhamishwa

Mtaji una njia mbili za kuipata nguvukazi ya bei nafuu: ama kiwanda kipelekwe waliko wafanyakazi, ama wafanyakazi waletwe kilipo kiwanda. Historia ya mpaka wa Marekani na Meksiko inaonyesha njia hizo zikipokezana. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1964, mpango uliojulikana kama Bracero uliwaingiza Wameksiko nchini Marekani kwa mikataba ya muda, wengi wao wakiwa wavunaji mashambani. Mpango huo ulipofungwa, serikali ya Meksiko ilianzisha mwaka 1965 mpango wa viwanda vya mpakani, ambao uliyaruhusu makampuni kuingiza vipande bila ushuru, kuviunganisha kwa mikono ya Wameksiko na kuvirudisha upande wa pili vikiwa bidhaa kamili. Safari hii mfanyakazi alibaki kwake, na kazi ndiyo iliyovuka mpaka.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuiweka kazi inayotangazwa katika fungu lake. Kushona nguo, kuunganisha simu au kupokea malalamiko ya wateja ni kazi zinazoweza kuhamishiwa popote penye umeme na barabara. Kumwogesha mzee asiyejiweza, kumwaga zege, kuchuma matunda yaliyoiva au kusafisha wodi ni kazi zinazofanyika pale pale zinapohitajika. Tofauti hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Mwajiri wa fungu la kwanza huwatisha wafanyakazi wake kwa kusema atafunga na kuhama, lakini mwajiri wa fungu la pili hana pa kukimbilia. Akitaka kupunguza gharama ya kazi, njia iliyo wazi kwake ni kuitegemea sheria ya uhamiaji, inayoamua nani aingie, kwa muda gani, na akiwa na haki zipi. Kwa sababu hiyo, anayechunguza kazi za malezi, ujenzi au mavuno asome sheria ya vibali kwa makini kama vile anavyosoma sheria ya kazi, maana katika sekta hizo kibali ndicho kinachopanga bei ya mtu. Na kwa sababu hiyo hiyo, madai ya wafanyakazi wa sekta hizi yana nguvu ambayo hawaambiwi kwamba wanayo: zege haliwezi kumwagwa kutoka nchi nyingine.

Tangazo la mpango karibu kila mara litataja uhaba wa wafanyakazi. Usilipinge na usilikubali kabla ya kulipima. Uhaba siku zote ni uhaba kwa mshahara fulani na kwa masharti fulani, na dalili ya uhaba wa kweli ni kwamba mshahara wa kazi hiyo umekuwa ukipanda haraka kuliko ule wa kazi nyingine katika nchi hiyo hiyo. Tafuta takwimu rasmi za mishahara ya sekta husika kwa miaka mitano au kumi iliyopita, na ukiweza, mikataba ya pamoja ya vyama vya wafanyakazi. Ukikuta waajiri wanalalamika kwamba hawapati watu huku mshahara ukiwa umelala pale pale, umegundua kwamba mpango unaouchunguza ndio unaouwezesha mshahara huo kuendelea kulala. Waandika ripoti wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haigusi habari za wahamiaji moja kwa moja, lakini bila hiyo mchunguzi hataweza kumjibu anayedai kwamba wageni ndio walioishusha mishahara.

Lifuate deni

Gharama ya kumhamisha mfanyakazi hupita katika mikono mingi. Mwajiri humpa oda wakala wa nchini kwake. Huyo humpa wakala wa nchi anakotoka mfanyakazi. Naye huwategemea madalali wadogo wanaozunguka vijijini na mitaani wakiokota majina. Kila mkono hukata chake, na mara nyingine wakala wa nchi ya utokako humlipa yule wa ng'ambo kitu cha pembeni ili apewe oda, kisha huirudisha fedha hiyo kutoka kwa mfanyakazi. Mchunguzi aichore njia hiyo yote kwenye karatasi, kutoka kwa mwajiri hadi kwenye familia, na kwenye kila kiungo aandike nani amemlipa nani, kiasi gani, na kama kuna risiti. Palipokosekana risiti ndipo pa kuchimba.

Kanuni ya kimataifa kuhusu jambo hili iko wazi. Kifungu cha 7 cha Mkataba wa ILO nambari 181 wa mwaka 1997, unaohusu mawakala binafsi wa ajira, kinawakataza mawakala kuwatoza wafanyakazi ada au gharama yoyote, kwa njia ya moja kwa moja au ya kuzunguka, ingawa kinaacha mwanya kwa serikali kuruhusu misamaha kwa aina fulani za wafanyakazi na huduma. Angalia kama nchi zote mbili zimeuridhia mkataba huo, na kama hazijauridhia, angalia sheria zao za ndani zinaruhusu ada kiasi gani. Halafu pima gharama kwa kipimo ambacho Umoja wa Mataifa wenyewe umekiweka katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, kiashiria 10.7.1, ambacho hulinganisha gharama za kuajiriwa alizolipa mfanyakazi na kipato chake cha mwezi katika nchi anayofanyia kazi. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakijali sarafu; kinauliza tu ni miezi mingapi mtu atafanya kazi ili kulipia haki ya kufanya kazi.

Hesabu ya kipimo hicho haitoshi, lakini, ikiwa fedha zilikopwa, na kwa kawaida hukopwa. Tuchukue mshahara wa mwezi kuwa 100, ili tusifungwe na fedha ya nchi yoyote. Mfanyakazi amekopa 500, yaani mishahara ya miezi mitano, kwa riba ya asilimia 4 kwa mwezi juu ya salio. Mwajiri anakata 15 za chakula na malazi, mwenyewe anatumia 25, na 60 zinazobaki zote zinakwenda kwenye deni. Mwezi wa kwanza 20 kati ya hizo 60 zinamezwa na riba, na deni linakwisha katika mwezi wa 11. Kwenye mkataba wa miezi 24 hali hiyo inavumilika. Sasa chukua kwamba mwajiri ameizuia mishahara ya miezi miwili ya mwanzo kama dhamana: deni linaendelea kukua wakati huo, na linakwisha katika mwezi wa 14. Chukua tena kwamba mishahara haikuzuiwa, bali mfanyakazi alipofika aliambiwa kwamba atalipwa 80 badala ya 100. Chakula, malazi na riba havikupungua, kwa hiyo zinabaki 40 tu, na deni linafika mwezi wa 18. Mshahara umepunguzwa kwa sehemu moja ya tano, na muda wa kuwa mdeni umeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Fanya hesabu hiyo kwa kila mpango unaouchunguza, tena uifanye mara tatu kama hapo juu, kwa sababu inaeleza jambo ambalo mikataba haielezi. Mtu aliyedanganywa kuhusu mshahara anaweza kurudi nyumbani kwa hasara ndogo ikiwa hana deni. Akiwa na deni, kadiri alivyodanganywa zaidi ndivyo anavyolazimika kubaki zaidi. Mwajiri hahitaji kumfungia mlango. Mkopeshaji aliye mbali, pengine aliyeshika hati ya shamba la baba yake, anaufunga kwa niaba yake. Ndiyo sababu utumwa wa deni umo katika orodha ya dalili 11 ambazo ILO huzitumia kutambua kazi ya kulazimishwa, pamoja na kuzuiliwa kwa mishahara na kunyang'anywa hati za utambulisho.

Kisome kibali kabla ya mkataba

Mkataba wa kazi unasema mfanyakazi ameahidiwa nini. Kibali kinasema anaweza kufanya nini ahadi ikivunjwa. Tafuta sheria au kanuni iliyoanzisha aina ya kibali husika na uisome yenyewe, usitegemee muhtasari wa wakala. Kinachotafutwa humo ni machache. Je, kibali kimeandikwa kwa jina la mwajiri mmoja? Mfanyakazi akiacha au akifukuzwa, ana siku ngapi za kutafuta mwajiri mwingine kabla ya kuwa mtu asiye halali? Kuhama kunahitaji ridhaa ya mwajiri wa zamani? Kumwacha mwajiri ni kosa la aina gani, la mkataba au la jinai? Akifungua kesi ya madai ya mshahara, anaruhusiwa kukaa nchini na kufanya kazi nyingine mpaka kesi imalizike? Swali la mwisho hilo ndilo huangusha mipango mingi yenye sura nzuri, kwani haki ya kwenda mahakamani haina thamani kwa mtu atakayekuwa amerudishwa kwao kabla ya tarehe ya kutajwa kwa kesi.

Kufungwa kwa mwajiri mmoja si jambo la nchi za Ghuba peke yake, wala si la leo. Baada ya utumwa kukomeshwa katika Milki ya Uingereza miaka ya 1830, mamia ya maelfu ya Wahindi walipelekwa Morisi, Trinidad, Fiji na kwingineko kwa mikataba ya miaka kadhaa ambayo kuivunja kulikuwa na adhabu ya jinai, na usafirishaji huo haukusimamishwa mpaka mwaka 1917. Katika Ghuba mfumo wa udhamini, kafala, uliiweka hadhi ya kisheria ya mfanyakazi mikononi mwa mdhamini wake. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kupata ridhaa ya mwajiri kabla ya kubadilisha kazi, hatua ya maana sana kisheria, lakini mashirika ya haki za binadamu yameendelea kueleza visa vya waajiri wanaozuia uhamisho kwa vitisho au kwa kumshitaki mfanyakazi kwamba ametoroka. Nchini Kanada mpango wa wafanyakazi wa msimu wa kilimo, ulioanza mwaka 1966 kwa Wajamaika, huwaruhusu wenye mashamba kuwaomba kwa majina wale wanaowataka warudi msimu unaofuata. Mfumo huo hauna ukali wowote wa wazi. Hata hivyo kila mfanyakazi anajua kwamba aliyelalamika kuhusu dawa za kunyunyizia anaweza asitajwe jina mwakani, na hakuna sheria iliyovunjwa. Nchini Singapore mwajiri wa mfanyakazi mwenye kibali asiyekuwa Mmalaysia huweka dhamana ya dola 5,000 za nchi hiyo, anayoweza kuipoteza masharti ya kibali yakikiukwa au mfanyakazi akitoweka, na kwa hiyo anapata sababu ya kifedha ya kuzichunga nyendo za mtu huyo hata siku ya mapumziko.

Nimeipanga mifano hiyo pamoja kwa makusudi, kwa kuwa mchunguzi asiye mwangalifu huishia kuzigawa nchi katika njema na mbaya. Kinachofaa kupimwa ni umbali kati ya mfanyakazi na mlango wa kutokea, na umbali huo huweza kuwa mrefu hata mahali ambapo maofisa ni wapole na karatasi zote ziko sawa.

Kuhusu pasipoti, jambo ni fupi: mwenyewe ndiye wa kuishika. Kwa wafanyakazi wa nyumbani, kifungu cha 9 cha Mkataba wa ILO nambari 189 wa mwaka 2011 kinasema hivyo, na maelezo ya kwamba pasipoti zinatunzwa ofisini kwa usalama yasikubaliwe kama hakuna kabati ambalo mfanyakazi analifungua mwenyewe wakati wowote.

Angalia pia muda wa kibali, na hapa waajiri wenyewe si kitu kimoja. Ujerumani Magharibi ilipofanya makubaliano ya kuleta wafanyakazi kutoka Italia mwaka 1955 na Uturuki mwaka 1961, kusudio lilikuwa wafanyakazi hao wakae kwa muda na kubadilishwa. Kwa Waturuki kikomo cha awali kilikuwa miaka miwili. Wenye viwanda waliona hasara ya kumfundisha mtu kazi kisha kumrudisha kwao, na kikomo hicho kiliondolewa mwaka 1964. Kibali kifupi hudumu pale ambapo ujuzi wa mfanyakazi hauhesabiwi kuwa mali, kwa hiyo ukikuta mpango wa miezi sita kwa kazi ambayo huchukua mwaka kuijua vizuri, uliza ni nani anayeilipia hasara hiyo, na mara nyingi utakuta ni mfanyakazi, kwa kulipwa kila mwaka kama mwanafunzi.

Hesabu gharama ambazo hazimo kwenye karatasi yoyote

Mfanyakazi anayefika uwanja wa ndege akiwa na miaka 24 amekwisha kulishwa, kutibiwa na kusomeshwa kwa miaka hiyo yote, na gharama hiyo imelipwa na familia na nchi nyingine. Akichoka au akiumia, huenda atarudi huko huko. Nchi inayompokea inaupata wakati wa maisha yake ambao unazalisha, na zile nyakati mbili zinazogharimu, utoto na uzee, zinabaki upande wa pili wa mpaka. Hii ndiyo faida kubwa kuliko zote zilizomo katika uhamaji wa kazi wa muda, na haionekani katika hesabu za kampuni wala katika takwimu za biashara kati ya nchi na nchi.

Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini iliujenga mfumo huu kwa ukamilifu wa kutisha. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wachimbaji waliletwa kutoka Msumbiji, Lesotho, Malawi na maeneo ya vijijini ya Afrika Kusini yenyewe, wakakaa katika kambi za wanaume peke yao, na wake zao wakabaki wakilima. Shamba la mke lilihesabiwa kimyakimya kuwa sehemu ya mshahara: kwa kuwa familia ilikuwa inakula kutoka kwenye ardhi yake, mwenye mgodi alijiona hana wajibu wa kulipa kiasi cha kuilisha. Bili nyingine ilikuja kwa kuchelewa sana. Wachimbaji waliovuta vumbi la mawe walirudi vijijini na ugonjwa wa mapafu, wakauguzwa na familia zao, na makubaliano ya fidia ya takriban randi bilioni 5 kati ya makampuni ya dhahabu na wachimbaji hao yaliidhinishwa na mahakama mwaka 2019 tu, yakiwahusu hata watu walioanza kazi miaka ya 1960.

Kwa mpango unaouchunguza, tafsiri ya hayo ni orodha ya mambo ya kudai majibu. Nani atamtibu mfanyakazi akiugua ugonjwa wa kazi miaka mitano baada ya kurudi, na kuna kumbukumbu ya afya yake ya siku aliyoanza na ya siku aliyoondoka? Makato ya hifadhi ya jamii yanakatwa? Kama yanakatwa, mafao yanaweza kulipwa nje ya nchi, au yanabaki kuwa mchango wa bure wa maskini kwa pensheni za wengine? Mwanamke akipata mimba, kibali chake kinaendelea au kinafutwa? Na kazi za nyumbani anazoziacha, kulea watoto na kutunza wazee, zinaangukia kwa nani, kwa malipo gani? Mara nyingi jibu ni bibi, dada mkubwa, au msichana aliyetoka sehemu maskini zaidi, na hapo unaona mnyororo wa malezi ambao kila pete yake inalipwa kidogo kuliko iliyo juu yake.

Katika taaluma za afya upande huu wa hesabu umekwisha kukubaliwa rasmi. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za hiari kuhusu kuajiri watumishi wa afya kimataifa, na mwaka 2023 lilichapisha orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi hao, ambako nchi tajiri zinahimizwa kutochukua watu kwa kampeni za ajira. Anayechunguza mpango wa wauguzi aanze kwa kuangalia kama nchi watokako imo katika orodha hiyo, na kama imo, aulize ni vyuo vingapi, walimu wangapi au vifaa gani nchi inayowachukua inatoa kama badala. Ahadi ya jumla ya ushirikiano isihesabiwe kuwa jibu.

Zichunguze serikali zote mbili, na fedha zinazotumwa nyumbani

Ni kosa kuiona serikali ya nchi ya utokako kuwa mlinzi tu wa raia wake. Ina maslahi yake. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, fedha zilizotumwa na wahamiaji kwenda nchi za kipato cha chini na cha kati mwaka 2023 zilikuwa takriban dola bilioni 656, kiasi kinachozidi misaada rasmi ya maendeleo mara kadhaa. Serikali yenye deni la nje na upungufu wa fedha za kigeni huogopa kumuudhi mnunuzi wa nguvukazi yake, hasa inapojua kwamba nchi jirani iko tayari kupeleka watu wake kwa bei ya chini. Ushindani huo wa wauzaji ni sababu mojawapo ya makubaliano mengi ya nchi mbili kuwa dhaifu. Yanapofika mezani kwako, angalia kama ni mkataba unaofunga kisheria au ni hati ya maelewano tu. Kama maandishi yake yametangazwa hadharani. Kama yanataja kiwango cha chini cha mshahara. Na kama yanamfanya wakala na mwajiri wawajibike kwa pamoja mfanyakazi asipolipwa, ili aweze kumdai aliye karibu naye. Makubaliano yaliyofichwa huwa na sababu ya kufichwa.

Kuhusu utumaji wa fedha wenyewe, tazama gharama. Lengo la kimataifa ni kuishusha chini ya asilimia 3 ya kiasi kinachotumwa ifikapo mwaka 2030, na wastani wa dunia umeendelea kukaa juu sana ya hapo. Ikiwa mshahara unalipwa katika akaunti ya benki moja iliyochaguliwa na mwajiri, uliza benki hiyo inatoza nini na inabadilisha fedha kwa kiwango gani, kwa sababu makato mengi hujificha kwenye kiwango cha ubadilishaji. Jihadhari pia na akiba za lazima. Katika mpango wa Bracero, asilimia 10 ya mishahara ya miaka ya mwanzo ilikatwa ili wafanyakazi walipwe watakaporejea Meksiko, na wengi hawakuiona. Waliokuwa bado hai, wakiwa wamekwisha kuzeeka, walikuwa bado wanaidai zaidi ya nusu karne baadaye.

Wala usiichukulie wingi wa fedha zinazotumwa kuwa ushahidi wa ustawi wa anayezituma. Aprili 2020 Benki ya Dunia ilitabiri kwamba janga la korona lingezipunguza kwa takriban asilimia 20. Zilipungua kidogo tu. Sehemu ya sababu ni kwamba fedha zilizokuwa zikibebwa mkononi zilihamia kwenye njia rasmi zinazohesabiwa, na sehemu nyingine ni kwamba watu walikula akiba zao na kujinyima ili nyumbani kusikose.

Sasa, mshahara

Mshahara upimwe kwa saa. Kiwango cha mwezi hakisemi lolote mpaka ujue siku ya kazi ina saa ngapi, wiki ina mapumziko mangapi, na ziada inalipwa vipi. Toa makato yote yaliyotajwa, kisha linganisha kinachobaki na anacholipwa mkazi wa nchi hiyo anayefanya kazi hiyo hiyo. Kulinganisha na mshahara wa nyumbani ni mtego wa mtangazaji: unamfanya mfanyakazi ashukuru kwa kulipwa nusu ya thamani ya kazi yake mahali anapoifanyia. Kama nchi ina kima cha chini cha kisheria, angalia kama kinawahusu wahamiaji na wafanyakazi wa nyumbani. Qatar, kwa mfano, iliweka kuanzia Machi 2021 kima cha riyali 1,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wote, wa nyumbani wakiwemo, pamoja na posho ya riyali 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri hatoi vitu hivyo. Kuna nchi nyingine nyingi ambako mfanyakazi wa nyumbani yuko nje kabisa ya sheria ya kazi, na hapo kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba hakina pa kukitetea.

Mfanyakazi abaki na nakala ya mkataba aliousaini kabla ya kuondoka, katika lugha anayoisoma, na nakala nyingine iachwe kwa mtu anayemwamini nyumbani, kwa kuwa hila ya zamani ni kumpa karatasi nyingine ya kusaini siku anapofika, wakati deni limekwisha kuingia na tiketi imekwisha kutumika.

Waulize waliorudi

Baada ya karatasi zote, tafuta watu waliomaliza mkataba katika mpango huo huo, usiwaulize wale tu walioletwa na wakala, na usiandike majina yao mahali ambapo mwajiri au ofisi ya vibali inaweza kuyaona, kwani wengi wanatarajia kurudi. Usiwaulize kama walitendewa vyema. Swali hilo huzaa majibu ya adabu. Waulize ni mwezi wa ngapi walituma nyumbani fedha ya kwanza ambayo haikuwa ya kulipa deni, kisha weka jibu hilo kando ya hesabu uliyoifanya mwenyewe. Majibu yakikaribiana, umeuelewa mpango. Yakiwa mwezi wa 16 pale ambapo hesabu yako ilisema mwezi wa 11, rudi kwenye ile karatasi uliyochora njia ya fedha, uipitie pamoja nao kiungo kwa kiungo, mpaka ipatikane miezi mitano iliyokosekana na jina la ofisi iliyoichukua.